Senti 40 Zinalipwa na Jimbo, Fomu Inajazwa na Mzazi

Wazee wetu, kina mama, kina baba, na nyinyi vijana mnaowasomea wazazi barua za shule: asanteni kwa kufika. Wengi wenu mmepata barua inayosema kwamba jimbo sasa linalipia chakula cha wanafunzi wa bei nafuu. Wapo walioielewa kuwa chakula kimekuwa bure kwa kila mtoto, wakaweka fomu kando. Baada ya majuma kadhaa ikaja barua nyingine, hiyo ni ya deni. Leo tuzungumze yanayotokea katikati ya barua hizo mbili, maana hapo ndipo pesa iliyotengwa kwa ajili ya watoto wenu inapobaki hazina bila kuguswa.

Mpango wa chakula cha mchana shuleni hapa Marekani ulikuwa sheria mwaka 1946, kwa saini ya Rais Harry Truman. Kifungua kinywa kilianza kwa majaribio mwaka 1966, kikawa cha kudumu 1975. Mwanafunzi huwekwa katika moja ya mafungu matatu. Kipato cha familia kisipozidi asilimia 130 ya kiwango cha umaskini cha serikali kuu, mtoto anakula bure. Kikiwa kati ya asilimia 130 na 185, anaingia bei nafuu: shule hairuhusiwi kumtoza zaidi ya senti 40 kwa chakula cha mchana na senti 30 kwa kifungua kinywa. Kikizidi hapo analipa bei kamili, ambayo kila wilaya ya shule inajipangia. Kwa mwaka wa masomo 2025–26, familia ya watu wanne katika majimbo yote isipokuwa Alaska na Hawaii inapata bure ikiwa kipato chake kwa mwaka hakizidi dola 41,795, na bei nafuu ikiwa hakizidi dola 59,478.

Tazameni hilo fungu la katikati ni la nani. Ni baba anayefanya kazi ghalani usiku na mama anayesafisha hoteli mchana. Kipato chao kimepita kidogo mpaka wa 130, ambao ndio mpaka wa kawaida wa SNAP, msaada wa serikali wa kununulia chakula, ile mnayoiita fudistampu. Kwa hiyo mwezi uleule familia inakosa SNAP na mtoto anakosa chakula cha bure. Senti 40 haijapanda tangu mwaka 1981, na wako wanaouliza kwa nini tuisumbukie. Pigeni hesabu. Senti 40 na senti 30 ni senti 70 kwa siku. Kwa siku 180 za masomo ni dola 126 kwa mtoto mmoja, na kwa watoto watatu ni dola 378. Tena pesa hiyo hailipwi kwa senti. Mzazi huiweka kwenye akaunti ya mtoto kupitia tovuti ya malipo, na tovuti nyingi hukata ada ya zaidi ya dola 2 kila unapoweka, uwe umeweka dola 50 au dola 5. Mwenye kidogo, anayeweka kidogo kidogo, ndiye anayekatwa zaidi. Wiki ambayo kodi ya nyumba imetangulia, akaunti inafika sifuri, na anayeambiwa hivyo mbele ya wenzake kwenye foleni ni mtoto.

Deni hilo shule haiwezi kulifuta kimyakimya. Kanuni za serikali kuu zinakataza mfuko wa chakula cha shule kutumika kulipa madeni yasiyolipika. Lazima pesa itoke kwingine: mfuko mkuu wa wilaya, jimbo, au wafadhili. Ndiyo maana shule zinawafuatilia wazazi kwa deni la dola 11, kazi ambayo muda wa karani anayeifanya una gharama kubwa kuliko deni lenyewe.

Sasa jimbo linaingiaje? Serikali kuu huilipa wilaya kwa kila sahani iliyotolewa, kulingana na fungu la mtoto. Sahani ya mchana ya bei nafuu hulipwa pungufu kwa senti 40 kuliko sahani ya bure, na ya asubuhi pungufu kwa senti 30. Pengo hilo ndilo mzazi anatakiwa alizibe, na sheria ya jimbo inasema tu kwamba kuanzia sasa litazibwa na jimbo. Kila mwezi shule inahesabu sahani zilizotolewa kwa kila fungu na kupeleka madai. Jimbo linazidisha sahani za bei nafuu kwa 40 na kwa 30, linalipa. Wilaya inayotoa sahani 1,000 za mchana za bei nafuu kwa siku inalipwa na jimbo dola 400 kwa siku, yaani dola 72,000 kwa mwaka wa siku 180. Na kila senti 40 ya jimbo inayomleta mezani mtoto aliyekuwa hali chakula cha shule, inavuta zaidi ya dola 4 kutoka serikali kuu kuingia jikoni mwa shule hiyo. Mnapokutana na mbunge wa jimbo, hesabu hii ndiyo ya kutangulia.

Lakini pesa hiyo inafuata fungu, na mtoto hawekwi kwenye fungu kwa kukisiwa. Asiye na fomu iliyopitishwa anahesabiwa kuwa wa bei kamili, hata kama mwalimu, mpishi na mtaa mzima wanajua hali ya nyumbani. Kwa mtoto huyo sheria ya senti 40 haitoi hata senti moja.

Ziko njia mbili za kuingia kwenye fungu. Ya kwanza haihitaji fomu: kompyuta ya jimbo inalinganisha majina ya wanafunzi na orodha za SNAP, TANF (msaada wa fedha taslimu kwa familia) na, katika majimbo mengi, Medicaid (bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo). Hapa kuna jambo linalowagusa moja kwa moja wengi mlio hapa, mliopitia kambi za wakimbizi za Nyarugusu, Kakuma au Nakivale. Sheria ya bajeti iliyosainiwa 4 Julai 2025 imewaondoa kwenye SNAP wakimbizi na waliopewa hifadhi ambao bado hawajapata ukaazi wa kudumu, yaani grini kadi. Jina likitoka kwenye SNAP, mwaka wa masomo unaofuata linatoka pia kwenye ule ulinganishaji wa kompyuta. Haki ya chakula cha shule haijaondoka. Tangu mwaka 1996 sheria ya nchi inasema kwamba mtoto mwenye haki ya kusoma shule ya umma hanyimwi chakula cha shule kwa sababu ya uraia au hali yake ya uhamiaji. Kilichobadilika ni kwamba zamani kompyuta ilikujazia, na sasa lazima ujaze mwenyewe.

Na angalieni jambo hili, limewaponyoka watu wengi: mtu mmoja tu ndani ya kaya akiwa bado anapata SNAP, hata kama ni kichanga aliyezaliwa hapa, watoto wote wa kaya hiyo wana haki ya chakula cha bure. Mnaandika namba ya faili ya huyo mmoja, na sehemu ya mapato mnaiacha wazi. Ila iwe namba ya faili, ile iliyo kwenye barua ya ofisi ya huduma za jamii, siyo tarakimu 16 za kwenye kadi ya EBT, ile mnayonunulia chakula cha SNAP. Namba ya kadi hurudishwa. Namba ya Medicaid au ya WIC, ule msaada wa chakula kwa wajawazito na watoto wachanga, nayo haikubaliki kwenye fomu. Medicaid inafanya kazi kupitia kompyuta tu.

Njia ya pili ni fomu ya mapato. Wizara ya Kilimo, ndiyo inayosimamia mpango huu, imetoa mfano wa fomu hiyo kwa lugha nyingi, Kiswahili kikiwemo, na wilaya ina wajibu wa kukusaidia kwa lugha unayoielewa. Fomu ni moja kwa kaya nzima katika wilaya moja. Siyo moja kwa kila mtoto. Haiulizi uraia. Inaomba tarakimu nne za mwisho za namba ya Social Security (hifadhi ya jamii) ya mtu mzima anayesaini. Asiye nayo anatia alama kwenye kisanduku cha "sina", na fomu inapita. Visanduku vya asili na rangi ni hiari.

Makosa yamejaa kwenye hesabu ya watu na hesabu ya pesa. Tuchukue mfano. Baba analipwa dola 18 kwa saa, saa 40 kwa wiki, na hundi inakuja kila baada ya wiki mbili: dola 1,440 kabla ya makato. Mama anafanya kazi ya muda, dola 300 kwa wiki. Watoto wawili. Ya baba unazidisha kwa 26, unapata 37,440. Ya mama unazidisha kwa 52, unapata 15,600. Jumla ni dola 53,040. Kwa watu wanne hiyo ni bei nafuu, na katika jimbo linalolipa zile senti, mtoto anakula bila kutoa kitu.

Sasa tuseme mwezi ule mama alipata ovataimu wiki mbili, hundi ikasoma dola 600 kwa wiki, naye akaandika 600. Kompyuta itazidisha 600 kwa 52, ipate 31,200, ijumlishe na ya baba: 68,640. Fomu inakataliwa. Maelekezo yanasema andika kipato cha kawaida. Ovataimu ya kila mara unaiandika, ya mara mojamoja huiandiki. Na wiki uliyokosa kazi kwa ugonjwa nayo haipunguzi kipato chako cha kawaida.

Kosa jingine ni kuchanganya "kila wiki mbili" na "mara mbili kwa mwezi". Ya kwanza ina hundi 26 kwa mwaka, ya pili 24. Kwa huyo baba wa dola 1,440, tofauti ni dola 2,880 kwa mwaka, na kuna familia ambazo tofauti hiyo inazivusha mpaka. Tazameni tarehe kwenye karatasi mbili za mshahara zinazofuatana: zikipishana siku 14, ni kila wiki mbili.

Andikeni mshahara kabla ya makato, siyo unaoingia benki. Pesa unayotuma Goma, Uvira au Kigoma kila mwezi haipunguzwi kwenye hesabu, ingawa najua ni mzigo wa kweli, na ndugu walioko huko hawahesabiwi kwenye kaya. Anayeendesha lori lake mwenyewe au teksi ya kwenye simu ni tofauti: yeye anaandika kinachobaki baada ya gharama za kazi, kama mafuta, matengenezo na bima ya gari la kazi.

Upande wa watu, mnajipunguza. Kaya ni wote wanaoishi pamoja na kugawana mapato na matumizi, wawe ndugu wa damu au siyo. Familia ile ya dola 53,040, ikiwa ndani yumo bibi na mtoto wa marehemu dada, na wote wanakula chungu kimoja, ni watu sita. Kwa watu sita mpaka wa bure, kwa mwaka huohuo wa 2025–26, ni dola 56,095. Familia hiyohiyo, kwa mshahara uleule, imetoka bei nafuu ikaingia bure kabisa, bila kusubiri jimbo. Bibi akiwa na kipato chake, nacho kiandikwe. Ila msimwache nje kwa sababu jina lake haliko kwenye mkataba wa nyumba. Fomu haiulizi mkataba.

Ukishawasilisha, ofisi ya lishe ya wilaya ina siku 10 za kazi kukujibu. Chakula kilicholiwa kabla ya kupitishwa kinaweza kuhesabiwa bei kamili, lakini wilaya inaruhusiwa kuchagua kuanza haki tangu siku uliyowasilisha fomu. Ulizeni kama wilaya yenu imechagua hivyo. Ikiwa bado, ni ombi jepesi la kupeleka kwenye bodi ya shule, kwa sababu linataka uamuzi tu.

Tarehe ya kuogopa iko mwanzoni mwa mwaka wa masomo. Haki ya mwaka uliopita inaendelea kwa siku 30 tu za uendeshaji wa shule, kisha inakatika. Kwa wilaya nyingi hiyo huangukia kati ya Septemba na katikati ya Oktoba. Mzazi anaona mtoto amekula Agosti nzima bila tatizo, anadhani mambo yamekwisha. Asubuhi moja akaunti inaanza kukatwa bei kamili. Mkijaza fomu mpya Julai au Agosti, hamkutani na siku hiyo. Na ikishapitishwa inadumu mwaka mzima wa masomo hata mshahara ukipanda katikati. Ukishuka, unaruhusiwa kuomba tena wakati wowote.

Kisha kuna uhakiki. Wilaya huchagua sehemu ndogo ya fomu, hasa zile ambazo kipato kimekaribia mpaka, na kuomba ushahidi; kazi hiyo inatakiwa iishe ifikapo 15 Novemba. Barua yake siyo mashtaka. Jibu lake ni nakala za karatasi za mshahara. Asiyejibu anaondolewa kwenye fungu, na jimbo linaacha kumlipia siku hiyohiyo haki inapokatika. Ukipata taarifa ya kuondolewa, una siku 10 za kalenda kabla haijaanza kazi. Ukikata rufaa ndani ya siku hizo, mtoto anaendelea kula kama kawaida mpaka rufaa isikilizwe.

Wengine mtaniambia fomu imepita, jimbo linalipa, na bado deni linaonekana. Hapo tusogee kwenye trei. Kinacholipiwa ni mlo kamili unaotambulika. Mchana shule inatoa vitu vya aina tano: nyama au mbadala wake kama maharage, nafaka, mboga, tunda na maziwa. Katika shule za sekondari, na nyingi za chini, mwanafunzi anaruhusiwa kukataa viwili, lakini lazima abaki na vitatu, na kimojawapo kiwe angalau nusu kikombe cha tunda au mboga. Akipita na kipande cha piza na maziwa peke yake, ule siyo mlo. Kila kitu kinatozwa kwa bei ya duka. Angeweka tufaa tu kwenye trei, mlo ungekamilika. Vivyo hivyo mtoto aliyeleta chakula chake nyumbani akachukua maziwa tu, au aliyerudi foleni kuchukua sahani ya pili, au aliyenunua chipsi za pakiti: hakuna anayelipia hayo zaidi ya mzazi. Mkiona deni, ombeni orodha ya miamala ya siku kwa siku. Mnaruhusiwa pia kuomba akaunti ifungiwe isinunue vitu vya pembeni.

Watoto wa Kiislamu wanaoacha nyama wachague mbadala huku wakihakikisha vitu vitatu vinatimia. Kanuni za serikali kuu zinairuhusu shule kutoa chakula cha halali lakini haziilazimishi, kwa hiyo hilo nalo linapatikana kwa wazazi kuomba kwa pamoja, kwa maandishi.

Shule zisizohitaji fomu kabisa zipo. Shule ambayo asilimia 25 au zaidi ya wanafunzi wake wametambuliwa bila fomu, kiwango kilichoshushwa kutoka 40 mwaka 2023, inaweza kuchagua kulisha wote bure. Hesabu ya malipo ni ile asilimia mara 1.6: shule yenye asilimia 62.5 inalipwa yote kwa kiwango cha bure, yenye 30 inalipwa kwa kiwango hicho asilimia 48 tu, na pengo linalobaki ndilo linalozifanya shule nyingi zisite. Sasa wakimbizi wakitoka kwenye SNAP, asilimia hizo zinaweza kushuka na shule ikaacha mpango. Hata katika shule hizo, wakikuletea karatasi ya mapato, jaza. Fungu la bure au la bei nafuu linafungua pia dola 120 za chakula cha kiangazi kwa kila mtoto katika majimbo yanayoshiriki, na msamaha wa ada ya SAT, mtihani wa kuombea chuo kikuu.

Nimalizie na bunge la jimbo, kwa sababu siyo kila jimbo limefika hapa, na yaliyofika hayakuandika sheria zinazofanana. Colorado ilianza mwaka 2008 kwa kulipia senti za mchana kwa watoto wadogo tu, hadi darasa la pili. Mwaka 2014 ikasogea hadi la tano, 2018 hadi la nane, 2019 hadi la 12. Kwa miaka hiyo, mtoto alipanda kutoka darasa la pili kwenda la tatu, na senti zikarudi kwa mzazi yuleyule mwenye mshahara uleule. North Carolina ililipia kifungua kinywa tangu 2011, mchana ukangoja zaidi ya miaka kumi. Kwa hiyo mkienda, ombeni milo yote miwili na madarasa yote kwa pamoja. Tena ombeni iandikwe kwenye sheria ya kudumu. Pesa iliyomo kwenye bajeti ya mwaka mmoja inaweza kuachwa mwaka unaofuata bila mtu kupiga kura ya kuipinga.

Majimbo yaliyoondoa senti hizi mara nyingi hayakuishia hapo. Vermont iliziondoa kwenye mlo wa mchana mwaka 2013, Minnesota 2014, New York 2019, New Mexico 2020. Yote manne, pamoja na Colorado, leo yanalisha kila mwanafunzi bila kuuliza kipato: New York kuanzia mwaka wa masomo 2025–26, mengine yalikuwa yameshaanza kufikia 2023. Colorado ilipata pesa hiyo kwa kura ya wananchi mwaka 2022, wakipunguza nafuu ya kodi kwa wenye kipato cha dola 300,000 na zaidi. Pesa ilipopungua, wakaenda tena kwenye kura Novemba 2025 wakaiongeza.

Mabunge mengi hufungua vikao Januari. Anayetoa ushahidi mbele ya kamati ya bajeti hupewa dakika mbili au tatu, na mkalimani anaweza kuombwa mapema. Nendeni na namba tatu za wilaya yenu: wanafunzi wa bei nafuu ni wangapi, wangapi kati yao wanakula kila siku, na deni la chakula limefika kiasi gani. Ofisi ya lishe inazo zote tatu. Iandikieni barua wiki hii, ili majibu yawe mkononi kabla ya Krismasi.